Digrii Ishirini na Tatu

Baba aliamini vitu viwili tu, kipimajoto na kimya.
Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba,
alinilaza kifudifudi juu ya jiwe chini ya Nguba
nikazamisha mkono hadi kwapani ndani ya Kivu,
kamba kiganjani, zebaki mwisho wa kamba,
na yeye, Buhendwa, mpimaji wa kituo cha Kavumu,
ambaye mshahara wake ulikuwa hadithi ya miezi kumi na tisa,
akamulika tochi, akasoma, akaandika:
Maji, ishirini na tatu. Hewa, kumi na mbili.

"Sasa ngoja."

Nikangoja, meno yakigongana,
nikitazama nisichokiona.
Maana ukingoni hakuna kitu.
Upepo unateremka kutoka Kahuzi mikono mitupu,
mkavu kama mtu aliyeshinda na njaa,
unapita juu ya mabati ya Kadutu,
unachota moshi wa makala ya jana,
unaingia ziwani bila hodi.
Na ziwa, lililomeza jua mchana kutwa likanyamaza,
linatoa pumzi.

Huoni hapa. Huoni hata pale.
Lazima upepo utembee kwanza,
unywe, utembee, unywe tena,
ulewe joto la mwenzake mpaka uache kukanyaga,
upande,
na kule juu, kwenye baridi, unyevu ushituke
utafute cha kushika:
chembe ya masizi,
pengine masizi ya jiko la mama
aliyeunguza maharagwe Jumanne akalaumiwa.
Unashika. Tone. Tone na jirani yake.
Mbali, upande wa Idjwi, mstari mweupe,
kisha mwingine ubavuni mwake,
matuta ya viazi yaliyolimwa angani
na mtu asiye na haraka.

"Umeona? Watu husema wingu linatoka mbinguni.
Linatoka huku chini, kwa wawili wasiolingana joto."
Nilikuwa na miaka tisa.
Nilidhani anasema maji na hewa.

*

Tumemzika Machi. Daftari kumi na moja,
jalada la ngozi ya mbuzi, harufu ya parafini.
Dada yangu Nshobole alitaka kuwashia moto.
Nikasema subiri, nikafungua lile la mwaka ule.

Julai kumi na nne. Maji 23. Hewa 11.
Mawingu saa kumi na mbili na robo, mistari minne.
Cibalonza ameondoka. Kachukua sufuria kubwa.
Watoto wamelala.

Hakuna zaidi. Hakuna hata doa la wino.
Ila kuanzia kesho yake, pembeni mwa maji na hewa,
ameongeza safu ya tatu kwa rula, kwa mkono uleule mnyoofu:
Kitanda, upande wa ukutani.
Kumi na nane. Kumi na saba na nusu. Kumi na saba.
Usiku arobaini na mmoja alipima
pale ambapo mtu hakulala,
akaandika kama anavyoandika mtumishi wa serikali,
kwa desimali, bila kivumishi.

*

Leo nimeshuka Nguba peke yangu.
Jiwe limepungua, au mimi nimeongezeka.
Kamba ni mpya, ya nailoni. Zebaki ni yake.
Ishirini na tatu. Ziwa halijui kwamba amekufa.
Juu yangu anga tupu, safi, kama bakuli lililorambwa,
na upepo unanipita sikioni ukienda kaskazini
bila kuacha chochote.

Nikampigia mama, Kalehe.
Tunazungumza mara chache; salio huisha kabla ya sisi.
Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula.
Akauliza huko hali ya hewa ikoje,
swali ambalo katika nyumba yetu
halikuwa kamwe la adabu tu.
"Kweupe, mama. Hakuna kitu."
Akanyamaza. Nikasikia bati lake likigongwa
polepole, kidole, kidole.
"Huku manyunyu," akasema. "Tangu alfajiri.
Sijui yametoka wapi, kiangazi hiki."

Nilikuwa na kalamu.
Nikafungua ukurasa, nikapiga mstari kwa ukingo wa simu,
nikaandika: Kalehe, manyunyu.
Nikaacha safu ya tatu wazi.